Kuhamisha skripti za Python 2 kwenda Python 3: ogopa mistari inayonyamaza

Ziko ofisi nyingi ambako mishahara, gawio la wanachama au matokeo ya wanafunzi bado yanatoka kwenye skripti (programu fupi) ya Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Python, na aliyeiandika alishahama kazi zamani. Toleo la mwisho la Python 2, yaani 2.7.18, lilitoka Aprili 2020, na tangu hapo halirekebishwi tena. Debian 12, mfumo endeshi wa Linux wa mwaka 2023, iliondoa kabisa Python 2 kwenye vifurushi vyake. Maana yake, siku ile kompyuta ya zamani ikifa, mpya utakayonunua haitaweza kuiendesha skripti hiyo. Mimi natunza programu za aina hii hapa Mwanza, za chama kimoja cha akiba na mikopo na za shule mbili tatu za sekondari. Ninachoeleza hapa ndiyo njia ninayoifuata kila ninapokabidhiwa skripti ya aina hiyo.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili: mstari unaogoma haukudhuru. `print "Jumla"` utagoma papo hapo, utauona, utaweka mabano, kazi imekwisha. Wa kuogopa ni ule unaoendelea kufanya kazi bila lalamiko huku ukitoa namba nyingine. Mistari ya namna hiyo haijatawanyika ovyo. Ukijua kwa nini lugha ilibadilishwa, unajua pa kuitafuta.

Guido van Rossum alianza kuiandika Python mwishoni mwa 1989, akiwa katika taasisi ya utafiti ya CWI jijini Amsterdam, na toleo 0.9.0 akalitoa hadharani Februari 1991. Itazame vizuri tarehe hiyo. Unicode 1.0, mpango wa kuipa kila herufi ya dunia namba yake, ulichapishwa Oktoba ya mwaka huo huo. Python ilizaliwa kabla yake, wakati maandishi ndani ya kompyuta yalikuwa safu ya baiti tu, yaani namba za 0 hadi 255. Kugawanya nako kulifuata desturi ya lugha ya C: namba kamili kwa namba kamili, jibu ni namba kamili, na kinachobaki hutupwa. Python 2.0 ya Oktoba 2000 iliiongeza Unicode kama aina ya pili ya maandishi kando ya ile ya zamani, na aina hizo mbili zikawa zinachanganyika zenyewe bila mwandishi wa programu kujua. Python 3.0, iliyotoka tarehe 3 Desemba 2008, ndiyo iliyokata shauri: maandishi yawe maandishi, baiti ziwe baiti, na alama ya `/` igawanye kikweli. Walijua programu za watu zitavunjika. Python 2.7 ilipangiwa kuishia 2015, lakini mwaka 2014 muda ukasogezwa hadi 2020 kwa sababu watu walikuwa hawajahama. Naona walifanya vyema kuvunja, na vyema pia kusubiri.

Sasa kazi yenyewe. Usiguse mstari hata mmoja kwanza. Chukua faili za miezi iliyopita zilizoingizwa kwenye skripti, ziendeshe upya kwa Python 2.7 ingali hai, na uhifadhi majibu yote kwenye folda moja. Hayo ndiyo mizani yako. Chagua miezi yenye vituko: mwezi wa kugawana, mwezi ambao mwanachama alijitoa, muhula ambao mwanafunzi hakufanya mtihani. Weka skripti kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko, siku hiyo hiyo.

Halafu iendeshe ile ile ya zamani hivi:

    python2.7 -3 gawio.py

Alama ya `-3` inaiambia Python 2.7 ionye inapopita mahali pengi, ingawa si pote, ambapo Python 3 itafanya tofauti. Onyo la thamani kuliko yote ni `classic int division`, kwa kuwa linakutajia mstari hasa ambapo namba kamili inagawanywa kwa namba kamili. Kumbuka tu kwamba linaona mistari iliyopitiwa peke yake. Ndiyo sababu nikakuambia utafute miezi yenye vituko.

Hapo kwenye kugawanya ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote. Tuseme ziada ni shilingi 1,000,000 na wanachama ni 7. Python 2 ikigawanya inatoa 142857. Python 3 inatoa 142857.14285714287. Risiti inayochapishwa kwa `'%d'`, ambayo huonyesha namba kamili tu, itaonyesha 142857 pande zote mbili, kwa hiyo ukikagua risiti utaona kila kitu kiko sawa. Nenda kwenye mstari wa salio. Kwa hesabu ya zamani, 142857 mara 7 ni 999,999, inabaki shilingi 1. Kwa hesabu mpya hakibaki kitu, ilhali wanachama wamelipwa kwa mujibu wa risiti na ile shilingi ipo kwenye sanduku bila maelezo. Tofauti ya namna hiyo ilipojitokeza kwenye majaribio, nilimpelekea mhazini wa chama nimuulize. Alinijibu, "Mwanangu, hiyo siyo ya kupotea, inaingia mfuko wa jamii. Ndivyo tunavyofanya miaka yote." Basi programu iandikwe ili iseme hivyo waziwazi:

    gawio, baki = divmod(ziada, idadi)
    mfuko_wa_jamii += baki

Palipo na gawio peke yake bila baki, tumia `//`, inayotupa kinachobaki. Alama hiyo iliingia tangu Python 2.2 ya Desemba 2001, kwa hiyo unaweza kuisahihisha skripti ingali upande wa zamani na kuijaribu huko huko. Juu kabisa ya faili weka:

    from __future__ import print_function, division

Mstari huo unaifanya Python 2.7 igawanye na kuchapisha kwa sheria za Python 3. Unakuwa umehamisha mambo mawili makubwa kabla ya kuhama, na majibu yako bado unaweza kuyalinganisha kwenye mashine ile ile.

Upande wa shule, mgawanyo huo huo una mtego mwingine. Shule ninayoihudumia inatoa A kuanzia 75, na B kuanzia 65 hadi 74. Skripti ya zamani iliandikwa hivi:

    if 75 <= wastani <= 100: daraja = 'A'
    elif 65 <= wastani <= 74: daraja = 'B'

Mwanafunzi mwenye 74 na 75 alikuwa anapata wastani wa 74 kwa Python 2, akapewa B. Kwa Python 3 wastani wake ni 74.5, ambao haumo kwenye A wala kwenye B. Anateleza hadi chini kabisa, kwenye F au kwenye nafasi tupu, kutegemea mwisho wa ngazi hiyo umeandikwaje. Dawa yake ni kuandika `>= 75`, kisha `>= 65`, ukishuka hivyo hivyo bila kikomo cha juu. Lakini je, 74.5 ipandishwe iwe 75? Hilo si lako wala si la lugha. Muulize mwalimu wa taaluma, na jibu lake uliandike ndani ya programu kama maelezo.

Ukishajibiwa, usikimbilie `round`. Python 2 ilikuwa inapandisha nusu: `round(2.5)` ni 3.0. Python 3 inaipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu: `round(2.5)` ni 2, na `round(3.5)` ni 4. Inafanya hivyo ili makadirio mengi yakijumlishwa yasielemee upande mmoja, na kwa takwimu ni sawa kabisa. Kwa riba ya mkopo ni habari nyingine. Asilimia 1 ya shilingi 12,050 ni 120.50. Programu ya zamani ilimtoza mwanachama 121, mpya itamtoza 120, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Kwa fedha tumia `decimal`, moduli iliyokuwemo tangu 2.4, na sheria ya kukadiria uitaje mwenyewe:

    from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP
    riba.quantize(Decimal('1'), rounding=ROUND_HALF_UP)

Hapo `riba` iwe `Decimal` tangu ilikoanzia, kwenye kusoma faili, isipitie kwenye namba ya desimali ya kawaida.

Tuje kwenye majina ya watu. Kiswahili kwa kawaida huandikwa kwa herufi za ASCII (zile za msingi za Kiingereza), ndiyo maana skripti nyingi za kwetu ziliishi miaka bila kuonyesha ugonjwa huu. Ila huku kwetu kuna akina Ng’wandu. Mtu akiandika jina hilo kwa Word au kwa simu, ile alama ya juu hupindwa yenyewe, na ikishapindwa si ASCII tena. Kwa UTF-8, njia ya kawaida ya kuandika herufi za Unicode kwa baiti, inachukua baiti 3. Python 2 ikilipima jina hilo kama baiti inasema urefu ni 10, Python 3 inasema 8, ambalo ndilo jibu sahihi. Skripti iliyokata majina kwa `jina[:20]` ilikuwa na uwezo wa kuikata alama hiyo katikati na kuacha takataka kwenye orodha ya wanachama. Jina la mtu lina heshima yake. Mimi hili nalichukulia kwa uzito ule ule wa fedha.

Kwa hiyo kila unapofungua faili, taja usimbaji wake, yaani namna herufi zilivyogeuzwa kuwa baiti:

    open('wanachama.csv', encoding='utf-8-sig', newline='')

Nimeandika `utf-8-sig` kwa sababu Excel ikihifadhi CSV kwa UTF-8 hutanguliza baiti tatu za utambulisho, nazo usipoziondoa zitajibandika kwenye jina la safu ya kwanza. Faili ikigoma na `UnicodeDecodeError` ikitaja baiti `0x92`, ujue ilihifadhiwa kwa usimbaji wa Windows. Isome kwa `cp1252`, kisha uihifadhi upya kwa UTF-8. Usipotaja chochote, Python 3 kwenye Windows kwa kawaida hudhani ni `cp1252`, na Ng’wandu atachapishwa Ngâ€™wandu.

Baada ya hayo ndipo ninapoita `2to3`, kifaa kinachogeuza skripti ya Python 2 iwe ya Python 3. Kifaa hiki kiliondolewa kwenye Python 3.13, hivyo tumia 3.12 au ya chini yake:

    2to3 -w gawio.py

Kitabadilisha `print`, `raw_input`, `iteritems` na mengine ya aina hiyo, na faili ya asili kitaiacha yenye mwisho wa `.bak`. Kugawanya hakikugusi, maana hakiwezi kujua kama ulikusudia namba kamili. Pia `input()` ya zamani kitaigeuza `eval(input())`. Hiyo iondoe, uandike `int(input())`, kwa sababu `eval` inatekeleza chochote ambacho mtu ataandika kwenye kibodi. Ukiwa unabadilisha kwa mkono badala ya kifaa, chunga `map`. Kwenye Python 2, `map(tuma_ujumbe, wanachama)` ilituma ujumbe kwa wote. Kwenye Python 3 haitumi hata mmoja, kwa kuwa inasubiri mtu ayaombe majibu yake, na haisemi kitu. Andika `for` ya kawaida. Herufi `u` iliyo mbele ya nukuu, kama `u'Jina'`, iache tu. Ilikuwa imeondolewa kwenye 3.0, wahamaji wakalalamika, na PEP 414 (PEP ni nyaraka ambamo mabadiliko makubwa ya Python hupendekezwa na kujadiliwa) ikairudisha kwenye 3.3 mwaka 2012.

Yaliyobaki yatagoma kwa sauti. Mwanafunzi asiye na alama, aliyewekwa `None`, hatapangwa tena kimyakimya chini ya mwenye sifuri, utapata `TypeError`. Namba inayoanza na sifuri, kama `0644` ya ruhusa za faili, sasa ni `0o644`.

 Kati ya nyaraka hizo za PEP, isome ile ya 238, ya mwaka 2001, inayohusu kugawanya. Iliandikwa na Moshe Zadka pamoja na van Rossum, na inaeleza sababu kwa uwazi ambao hutaupata kwenye mafunzo ya haraka. Nawahimiza sana vijana ninaofanya nao kazi wasome sehemu ya sababu kabla ya kukariri kanuni.

Ukishavuka, lugha haitakusubiri. Kuanzia 3.9 ya mwaka 2020, toleo jipya hutoka kila Oktoba na hupewa miaka 5 ya matunzo. Toleo 3.12 liliondoa `distutils`. Toleo 3.13 la mwaka 2024 liliondoa moduli 19 za zamani, zikiwemo `cgi`, `crypt` na `telnetlib`. Maonyo hutolewa mapema, ila mengi hufichwa. Kila ukimaliza mwaka wa hesabu, endesha majaribio yako hivi uyaone:

    python3 -W default gawio.py

Siku ya kubadili usizime ya zamani. Ziache zote mbili zifanye hesabu ya mwisho wa mwezi kwa faili zile zile, majibu uyalinganishe kwa `diff`, amri inayoonyesha tofauti za faili mbili, na kila tofauti itakayojitokeza uipeleke kwa mwenye hesabu aisemee. Tofauti zote zikiwa na maelezo, badilisha mstari wa kwanza wa skripti uwe `#!/usr/bin/env python3`, ufute ule wa `__future__` kama bado upo, na uipitie `cron`, orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba, neno kwa neno, kwa sababu mara nyingi humo ndani bado kumeandikwa `python` tupu.