Namna ya Kuandaa Taarifa ya Asubuhi Redioni Mateka Wanapoachiliwa

Msikilizaji wa asubuhi hapa Mombasa yuko njiani au kazini: anasubiri feri Likoni, amekwama ndani ya matatu Makupa, au anakanda unga wa mahamri Mwembe Tayari. Hawezi kurudia sentensi iliyompita. Kwa hiyo taarifa ya mateka kuachiliwa, kama wale waliotekwa Israel na kushikiliwa na Hamas huko Gaza, ambayo hubadilika kila baada ya dakika chache, iandikwe ili ieleweke kwa kusikiwa mara moja tu.

Anza na saa kabla ya kuandika neno lolote. Israel hulingana nasi wakati wa majira yake ya kiangazi, na majira ya baridi hubaki nyuma yetu kwa saa moja. Mateka saba wa kwanza walipokabidhiwa tarehe 13 Oktoba 2025, ilikuwa saa mbili na dakika kadhaa asubuhi kule na hapa pia, wakati masikio mengi yako redioni. Lakini tarehe 19 Januari mwaka huohuo, walipotolewa wanawake watatu, saa za pande hizi mbili hazikulingana. Jihadhari pia na tarakimu za mashirika ya habari. Niliwahi kulichukua 8 lilivyo nikasoma "saa nane", na simu ya kwanza kuingia studio ilikuwa ya mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyeniuliza kwa upole unaochoma: "Mwanangu, kwani hiyo saa nane ishafika?"

Kisha chagua kitenzi, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mateka haachiliwi kwa tendo moja: waliomshikilia humkabidhi kwa Msalaba Mwekundu, nao humpeleka kwa jeshi, ndipo avuke mpaka, apimwe hospitalini na kukutana na jamaa zake. Sema hatua iliyothibitishwa, usiitangulie. "Mateka saba wamekabidhiwa kwa Msalaba Mwekundu ndani ya Gaza" ni sentensi salama. "Mateka saba wamerudi nyumbani", ikisomwa dakika hiyohiyo, ni uongo hata kama baadaye itakuwa kweli. Tenganisha vilevile kuachiliwa na kuokolewa: mwanasiasa Ingrid Betancourt na mateka wenzake 14, walioshikiliwa na waasi wa FARC, waliokolewa na jeshi la Colombia tarehe 2 Julai 2008 kwa hila, bila risasi kufyatuliwa. Neno "kukombolewa" humfanya msikilizaji afikirie fidia, basi liache mpaka malipo yathibitishwe. Na kwa kuwa "mateka" haibadiliki katika umoja na wingi, itaje idadi mapema.

Hesabu zisirundikwe. Siku ile ya Oktoba walirudi mateka 20 waliokuwa hai, na Israel ikawaachilia Wapalestina: wafungwa wapatao 250 wa vifungo virefu, wengi wao wa maisha, pamoja na watu zaidi ya 1,700 waliokamatwa Gaza wakati wa vita na kuzuiliwa bila mashtaka. Hawa wa mwisho usiwaite wafungwa, kwani hawakuhukumiwa. Sema "waliokuwa wakizuiliwa". Ipe kila idadi sentensi yake, na pande zote mbili ziingie katika taarifa hiyohiyo, si moja saa moja na nyingine saa saba mchana. Katika mji huu watu wana misimamo mizito kuhusu Palestina, na mtangazaji anayerefusha furaha ya familia za upande mmoja huku akiutaja mwingine kwa tarakimu tupu atajulikana kabla ya tangazo la biashara kuanza.

Sauti za vilio vya furaha zitumike kwa sekunde chache, kisha tafsiri ifuate. Jina la mateka lisisomwe mpaka mamlaka au familia iwe imelitangaza.

Taarifa ya saa moja isisomwe tena saa mbili kwa kubadilishwa neno mojamoja. Iandikwe upya, jambo jipya likitangulia. Wala faili isifungwe jioni. Katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa pia wanafunzi wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo, na mwili wa mmoja wao ulirejeshwa kutoka Gaza Novemba 2025, wiki tatu baada ya mateka wa mwisho waliokuwa hai kurudi.