Kumpa mchoraji kazi ya kuchora upya ramani ya nyumba kwenye kompyuta

Ramani ya karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, skani iliyofifia, au mchoro wa penseli uliopimwa kwa futi kamba: vyote vinaweza kugeuzwa kuwa faili safi ya kompyuta. Kwa anayeijua, kazi si ngumu. Nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa, vipimo vikiwa vimekamilika, mchoraji mzoefu huimaliza ndani ya siku moja. Ugomvi huzuka kwa sababu mbili: mteja hakusema ramani ni ya kazi gani, na vipimo alivyotoa havijumlishiki.

Anza na matumizi

Ramani ya tangazo la kupangisha inahitaji kuta nadhifu, majina ya vyumba na maeneo yake tu. Kosa la sentimita tano halimdhuru mtu. Ramani ya fundi wa makabati ya jiko ni jambo jingine, hapo hata sentimita moja ina kesi. Ya ukarabati inataka unene wa kuta, upana wa milango, na urefu kutoka sakafu hadi chini ya dirisha. Ikiwa unataka baadaye kujengewa picha ya pande tatu, ongeza kimo cha dari na cha linta, yaani boriti iliyo juu ya milango na madirisha.

Matumizi ndiyo yanayoamua programu pia. Katika AutoCAD ukuta kwa kawaida ni mistari miwili tu; katika Revit au ArchiCAD ukuta ni kitu chenye unene na kimo chake. Usichague kwa umaarufu. Muulize mtu atakayeitumia faili baada yako, awe msanifu, mhandisi au fundi, anafungua nini, kisha agiza hicho hicho.

Kuhusu kibali cha ujenzi: anayejua programu si lazima awe na mamlaka ya kutia sahihi. Kabla ya kulipa, uliza ofisi inayotoa kibali inataka mchoro wa nani na wenye muhuri wa nani. Na kama ramani ya awali ilichorwa na msanifu, kwa kawaida haki ya mchoro ni yake hata kama nyumba ni yako. Omba ruhusa, na usikubali jina au muhuri wake unakiliwe kwenye mchoro mpya.

Skani ina mpaka wake

Wengi hudhani mchoraji akifuatisha skani mstari kwa mstari atapata vipimo halisi. Piga hesabu. Skani ya nukta 300 kwa inchi ina nukta zenye upana wa takriban milimita 0.085. Kwenye ramani ya skeli ya 1:100, ambapo milimita moja ya karatasi ni milimita 100 za nyumba, nukta moja ni milimita 8.5 za nyumba yenyewe. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika sentimita tano, yaani theluthi ya ukuta wa milimita 150. Ongeza karatasi iliyovutika na fotokopi iliyopunguza ukubwa kidogo bila mtu kugundua, uone kwa nini kufuatisha picha hakutoshi. Picha ya simu ni mbaya zaidi, kwa kuwa upande ulio mbali na kamera hutoka mfupi.

Kwa hiyo namba zilizoandikwa kwenye ramani hushinda urefu wa mistari, na kipimo kilichochukuliwa nyumbani hushinda namba iliyoandikwa. Mwambie mchoraji hivyo waziwazi.

Kisha jumlisha mwenyewe kabla hajaanza. Kwa milimita: ukuta wa nje 150, chumba 3600, ukuta wa kati 150, chumba 3000, ukuta wa nje 150: jumla ni 7050. Ikiwa ramani ya zamani inaonyesha 7000 kwa nje, kosa lilikuwemo tangu mwanzo, na hakuna mchoraji atakayelitatua bila mtu kwenda kupima. Atakachofanya, usipomwambia, ni kulificha kimyakimya kwenye chumba kimoja. Vipimo vya futi navyo vigeuzwe kwa uangalifu: futi moja ni milimita 304.8, hivyo futi 12 na inchi 6 ni 3810 kamili, si 3750 ya anayekadiria futi kuwa sentimita 30.

Ukipima mwenyewe

Kipima umbali cha leza hurahisisha vyumba virefu, lakini futi kamba ya chuma inatosha. Mambo manne ndiyo yanayosahaulika.

Pima mishazari yote miwili ya kila chumba, kutoka kona hadi kona inayoikabili. Chumba cha 4000 kwa 3000 chenye pembe mraba kitatoa 5000 kila upande. Mishazari ikitofautiana urefu, kuta zimekaa mshazari, na mchoraji anapaswa kuzichora hivyo hivyo badala ya kuzinyoosha.

Pima unene wa ukuta kwenye uwazi wa mlango au dirisha, pamoja na lipu ya pande zote mbili, bila kuhesabu mbao za fremu. Kukisia unene ndilo kosa linalojirudia kuliko yote: ukipotea kwa milimita 20 kwenye kuta tano, nyumba imerefuka sentimita kumi.

Kwa ukuta wenye milango na madirisha, bana ncha ya futi kwenye kona moja na usome kila ukingo kutoka hapo hapo: dirisha linaanza 900, linaisha 2100, mlango unaanza 2850. Ukipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, makosa madogo hurundikana.

Nne, andika mlango unafungukia wapi na bawaba ziko upande gani. Hiki hakionekani kwenye namba, na mchoraji akikosea hutajua mpaka swichi ya taa iwekwe nyuma ya mlango.

Maelekezo ya kumtumia

Ujumbe mfupi wenye vipimo na masharti una thamani kuliko simu ya nusu saa. Kwa mfano:

"Habari. Naomba kuchorewa upya ramani ya nyumba isiyo na ghorofa, takriban mita 14 kwa 10, kwa ajili ya ukarabati wa jiko na bafu. Nimeambatisha skani ya PDF na karatasi nne za vipimo nilivyochukua. Vinapopingana, fuata vya karatasi. Chora kwa milimita, kwa ukubwa halisi. Kuta, milango, madirisha, samani, vipimo na maandishi, kila kimoja kiwe kwenye leya yake. Unikabidhi DWG ya muundo wa 2013 na PDF ya A3 kwa skeli ya 1:50. Pasipo na kipimo usikisie. Weka alama nyekundu uniulize. Masahihisho mara mbili yawe ndani ya bei."

Leya ni tabaka la mchoro linaloweza kuwashwa na kuzimwa peke yake, na DWG ni aina ya faili ya AutoCAD. Skeli ya 1:50 imechaguliwa kwa sababu mita 14 zinakuwa milimita 280, na karatasi ya A3 ina 420 kwa 297, hivyo inabaki nafasi ya kuandika vipimo. Muundo wa 2013 umetajwa kwa kuwa programu ya zamani haifungui faili iliyohifadhiwa kwa muundo mpya; AutoCAD ilitumia ule wa 2013 hadi toleo la 2017, kisha ukaja wa 2018. Ikiwa wewe mwenyewe utatumia LibreCAD, ambayo ni ya bure, omba DXF pia, aina nyingine ya faili ya michoro, maana ndiyo programu hiyo inayoihifadhi.

Na lile neno "usikisie" lisikose. Ndilo linalotenganisha ramani na pambo.

Kumjaribu kabla ya kumkabidhi yote

Picha nzuri za kazi zake za nyuma hazikuambii lolote kuhusu faili. Omba faili moja halisi ya kazi iliyopita, ambayo mteja wake ameruhusu ionyeshwe, au mlipe achore chumba kimoja kwanza. Anayerudi na maswali matatu au manne kuhusu vipimo ni dalili njema. Anayepokea skani iliyofifia na kujibu "hakuna shida, kesho tayari" ndiye wa kutiliwa shaka.

Bei ya kazi nzima ni salama kuliko ya saa pale vipimo vinapokuwa kamili. Gawa malipo kwa hatua: sehemu wakati wa kuanza, sehemu ukishakagua kuta na nafasi za milango zikiwa tupu, bila samani wala rangi, na iliyobaki ukipokea faili za mwisho. Hatua ile ya kati usiiruke. Kusogeza ukuta mmoja kabla ya vipimo na samani kuwekwa ni dakika chache. Baada ya hapo ni kuichora upya nusu ya ramani.

Kuikagua faili

Usikague kwa PDF peke yake. DWG TrueView ya Autodesk hufungua DWG bure kwenye Windows na ina kifaa cha kupimia.

Pima ukuta mmoja unaoujua. Ulio 3600 usomeke 3600. Ukisomeka 3.6, amechora kwa mita, ukisomeka 141.73, ni inchi. Yote mawili hurekebishika, lakini arekebishe yeye, maana fundi akiunganisha faili hiyo na nyingine itatokea ama nukta ndogo ama nyumba ya ukubwa wa mtaa.

Kisha linganisha namba iliyoandikwa na urefu wa mstari wenyewe, angalau sehemu kumi. Kuna ujanja wa zamani: ukuta umetoka 3585, mchoraji anaandika 3600 kwa mkono juu ya kipimo cha programu. Kwenye karatasi huoni kitu. Atakayetumia faili kukata vigae au makabati ndiye atakayelia. Ukikuta hata kimoja cha namna hii, rudisha kazi yote.

Kwenye programu ya kuchorea yenyewe, si TrueView, jaribu kujaza rangi ndani ya kila chumba au kupata eneo lake. Programu ikikataa, kuna kona ambayo mistari haikukutana, pengine kwa nusu milimita. Zima leya ya samani. Kuta zikitoweka pamoja na kitanda, leya ziliwekwa ovyo. Angalia pembe: kuta za digrii 89.7 kila mahali ni alama kwamba skani ilifuatishwa kwa jicho. Tao la mlango likiwa na vipande vidogo ishirini badala ya mstari mmoja uliopinda, basi skani iligeuzwa na programu yenyewe bila mkono wa mtu, na faili hiyo kuihariri ni mateso.

Mengine ni ya haraka: maandishi yasigeuke alama za kuuliza kwa kukosa fonti, na picha au faili zilizoambatishwa ziwemo kwenye kifurushi, si kwenye kompyuta yake tu.

Mwisho chapisha PDF kwa ukubwa halisi, bila kuruhusu printa iibane itoshee karatasi, na upime kwa rula. Kwenye 1:50, ukuta wa 3600 uwe milimita 72. Mchoro wa A1 wa 1:50 ukichapishwa A3 umekuwa 1:100 hata kama maandishi ya pembeni bado yanasema 1:50; ndiyo maana inafaa mchoraji aweke kipimio cha mstari chini ya ramani, kinachopungua na kuongezeka pamoja na mchoro wenyewe.