Kabla ya Kupanda Stelvio kwa Gari

Barabara ya Stelvio, kaskazini mwa Italia, inapanda hadi mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Ukitokea kijiji cha Prato, bondeni, unakata kona 48 kali, kila moja na namba yake, kuanzia 48 chini hadi 1 karibu na kilele. Mhandisi Carlo Donegani aliijenga kati ya 1820 na 1825, zama za magari ya farasi, kwa hiyo usitegemee upana.

Hakikisha kwanza iko wazi. Theluji huifunga majira yote ya baridi, mara nyingi hadi mwisho wa Mei au Juni, na hata Julai inaweza kuanguka. Koti zito likae karibu nawe.

Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya anatakiwa awe pia na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi ya leseni. Shughulikia hilo ukiwa nyumbani. Fulana ya kuakisi mwanga nayo iwe ndani ya gari, maana ukiharibikiwa nje ya mji sheria inakutaka uivae unaposhuka. Kama utateremkia Uswisi kupitia njia ya mlimani ya Umbrail, soma mkataba wa gari la kukodi uone kama unaruhusu kuvuka mpaka.

Kule wanaendesha kulia. Sisi tuliozoea kushoto huponzwa tunapomaliza kona, mikono inapoturudisha upande wa mazoea. Zunguka bondeni siku nzima kwanza.

Ninalolihofia zaidi ni mteremko. Watu wengi hujiandaa kwa kupanda, na kupanda si kazi kubwa: hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu kidogo, basi. Kushuka, gari linajisukuma lenyewe. Ukiegemeza mguu kwenye breki muda wote, pedi zinapata moto na mwishowe unakanyaga wala mwendo haupungui. Ingiza gia nzito, namba mbili, kabla ya kona, injini ilishike gari. Breki ikanyage kwa nguvu, kisha iachie. Gari la otomatiki nalo lina namna ya kushusha gia, ijue kabla hujaondoka kwenye maegesho. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama uache breki zipoe.

Basi likija, subiri kabla ya kona, kwani linahitaji upana wote kugeuka. Na ondoka alfajiri, kabla pikipiki na baiskeli hazijajaa.