Namna ya kulinganisha michoro ya gemu ya zamani na toleo lake lililoboreshwa

Katika banda moja la gemu eneo la Majengo, mjini Moshi, mashine ya gemu ya PS2 ilikuwa imeunganishwa kwenye TV moja na PS4 kwenye TV ya jirani yake, zote zikionyesha gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas: ile ya mwaka 2004 na ile iliyoboreshwa ya Novemba 2021. Tulikuwa watu sita, na sote tulikubaliana kwamba rangi za toleo jipya zimekolea zaidi. Ndipo kijana anayepokea hela akaamua kubadilisha nyaya, na rangi zilizokolea zikabaki palepale, kwenye TV ileile, safari hii zikimpamba CJ, mhusika mkuu, wa gemu ya zamani. Kumbe muda wote huo tulikuwa tunalinganisha TV mbili.

Kwa hiyo anza na TV. Tumia moja tu, uunganishe mashine zote mbili humo, na uhame kutoka moja kwenda nyingine kwa rimoti. Ingia kwenye mipangilio ya picha na uondoe ule mtindo wa rangi kali ambao maduka huupenda kwa sababu unavuta wateja, kisha uzime kinachojifanya kulainisha mwendo na upunguze ukali wa kingo, kwa kuwa vyote viwili huongeza vitu ambavyo mtengenezaji wa gemu hakuviweka. Kagua pia weusi. Mashine inaweza kutuma mwanga kwa kipimo cha 0 (weusi kabisa) hadi 255 (weupe kabisa) wakati TV inasubiri 16 hadi 235, na hapo vivuli vyote huzama. Mambo yakiwa kinyume chake, usiku hugeuka kijivu kama majivu ya jiko. Peleka mhusika wako kwenye uchochoro wenye giza, na usiendelee mpaka weusi uwe weusi na bado uone kilichomo ndani yake.

Kisha jiulize unalinganisha nini na nini, maana neno "kuboreshwa" hubeba mizigo mingi. Shadow of the Colossus ni mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Ilitoka kwenye PS2 mwaka 2005. Mwaka 2011 ikaletwa kwenye PS3 ikiwa kazi ileile ya wachoraji walewale, ila imesafishwa na kuongezewa pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha. Mwaka 2018 ikajengwa upya kwa ajili ya PS4, nyasi, mawe na manyoya ya majitu yote yakichorwa tena kuanzia mwanzo. Ukilinganisha ya 2005 na ya 2011 unapima usafi wa picha. Ukilinganisha ya 2005 na ya 2018 unapima uamuzi wa watu wengine kuhusu mahali palepale, na hilo ni swali tofauti kabisa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni TV ya chogo. PS2 kwa kawaida hutuma mistari 480, au 576 kwa mashine za mfumo wa TV uitwao PAL, tena kwa zamu: nusu ya mistari kwanza, nusu nyingine baadaye. Chogo ilizaliwa kwa ajili ya picha ya namna hiyo. Vinukta vyake huingiliana kidogo, na wachoraji wa miaka ile walilijua hilo, hivyo waliweza kupanga nukta za rangi mbili kwa kupishana wakitegemea kioo kizichanganye kuwa rangi ya tatu. TV bapa haichanganyi chochote; huinyoosha picha hiyo ndogo mpaka ijae pikseli milioni mbili na zaidi, na kila nukta iliyokuwa imejificha hutoka hadharani. Anayechomeka PS2 kwa waya wa njano kwenye TV bapa ya inchi 50 na kusema gemu ile ilikuwa mbaya anaihukumu picha ambayo mchoraji hakuichora. Ukiweza, muulize fundi wa TV kama ana chogo inayowaka, kwani Arusha na Moshi bado utazikuta kwenye rafu za mafundi, uitazame gemu ya zamani humo kwanza, halafu uirudishe kwenye TV bapa. Na usiinyooshe picha ya zamani, yenye umbo la karibu mraba, ijaze skrini pana. Kipimo rahisi ni tairi la gari: likiwa na umbo la yai, rekebisha kabla ya kusema lolote.

Baada ya hapo chagua mahali. Simama pale pale, geuza kamera upande ule ule, saa ile ile, hali ya hewa ile ile. Katika San Andreas dakika moja ya ndani ya gemu hupita kwa sekunde moja ya saa yako ya mkononi, kwa hiyo ukichelewa dakika mbili ukitafuta pedi, jua limeshasogea kwa muda wa saa mbili na vivuli vimekuwa vingine. Mimi huanzia Grove Street, mtaa wa nyumbani kwa CJ, saa sita mchana, kisha hupanda juu mahali panapoonyesha nchi nzima, kwa sababu huko ndiko tofauti kubwa iliko. Gemu ya 2004 ilifunika umbali kwa ukungu mzito ili mashine isielemewe; toleo la 2021 lilitoka likiwa limeuondoa karibu wote, na ghafla miji iliyoonekana kuwa safari ya siku nzima ikawa imebanana kama vibanda vya sokoni. Mkazi wa Moshi hahitaji kuelezwa zaidi. Kukiwa na utusi, Kilimanjaro ni habari ya mbali; asubuhi ya kweupe baada ya mvua unadhani mlima umeshuka hadi Shanty Town. Pikseli ziliongezeka, ukubwa wa nchi ukapungua.

Sogea karibu pia, usome mabango. Picha zinazovalishwa juu ya kuta ziliongezwa ukubwa kwa msaada wa akili mnemba, ambayo haijui inachokitazama. Maumbo nayo yaliguswa. Duka la donati liitwalo Tuff Nut lilikuwa na nati yenye pembe sita juu ya bango lake, na jina ni utani juu ya nati hiyo, kwani "nut" kwa Kiingereza ni nati. Katika toleo jipya pembe zililainishwa ikawa mviringo, utani ukapotea.

Mwendo hupimwa kwa simu. The Last of Us ya PS3, mwaka 2013, ililenga fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Ile ya PS4, mwaka 2014, hufika 60. Rekodi skrini kwa mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde, kisha hesabu: picha moja ikidumu fremu nane za simu, gemu inakwenda 30, ikidumu nne, 60.

Picha za ushahidi zihifadhi kwenye flashi, na ukilazimika kuzituma kwa WhatsApp, zitume kama faili, la sivyo zitabanwa. Video ya YouTube iliyoshushwa hadi 480 ili kuokoa bando haithibitishi lolote.

Ukitaka kujizoeza, tafuta gemu zenye kitufe cha kubadilisha michoro papo hapo, kama Halo: Combat Evolved Anniversary ya 2011 au Tomb Raider I–III Remastered ya 2024, kwa kuwa humo mahali, saa na kamera havibadiliki.

Mwisho, andika namba ya sasisho (toleo la marekebisho ya gemu) pembeni ya kila picha. Nati ya donati ilirekebishwa baadaye, na Novemba 2024 San Andreas iliyoboreshwa iliongezewa chaguo la mwanga wa zamani. PS4 ya pale Majengo haijawahi kuunganishwa na intaneti, na bado inaonyesha ile nati ya mviringo.