Somo: Wagonjwa wa dimenshia wanapotelea wapi kwenye takwimu za taifa?

Wanaodai programu mpya ya kompyuta ya kuwahesabu nawaomba wasubiri kidogo. Takwimu huharibika mapema zaidi, pale mhudumu anapoandika "uzee" kwenye faili la mwenye dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kulifunga.

Hatua ya 1: Jina moja. Kituo kimoja kikiandika "kusahau", kingine "kuchanganyikiwa", hakuna wa kuzijumlisha. Tumieni misimbo ya ICD, orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa. Katika toleo la 10 (ICD-10) dimenshia ni F00 hadi F03, na Alzheimer, ugonjwa unaoisababisha mara nyingi zaidi, ni G30; katika ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, dimenshia ni 6D80 hadi 6D86. Umri na jinsia visikosekane.

Hatua ya 2: Cheti cha kifo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapofutika. Chukulia bibi wa miaka 82, miaka mingi hawatambui wanawe. Mwishoni hata kumeza kunamshinda, chakula kinaingia mapafuni, anafariki. Daktari anaandika "nimonia", basi. Kitakwimu, dimenshia haikuwahi kumgusa! Jazeni kwa mfuatano: juu nimonia, chini yake kushindwa kumeza, chini kabisa Alzheimer. Kwa kawaida huo wa chini ndio unaohesabiwa kuwa chanzo cha kifo.

Hatua ya 3: Mtu mmoja, namba moja. La sivyo, akipita vituo vitatu anakuwa wagonjwa watatu.

Hatua ya 4: Chapisheni kwa ratiba. Mpango wa dimenshia wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2017 ulitaka nusu ya nchi ziwe zinakusanya viashiria vya msingi, yaani takwimu kuu za ugonjwa huu, kila miaka 2 ifikapo 2025. Sasa mpango umeongezewa muda hadi 2031.

MASWALI

Mwalimu, waliosajiliwa kliniki ndio wagonjwa wote nchini?
Hapana, hao ni waliofika na wakatambuliwa. Walioko majumbani hupatikana kwa utafiti wa kaya. Na kipimo cha akili mnachotumia humo nacho mkiangalie: ukimwambia asiyejua kusoma aandike sentensi, atafeli hata akiwa na akili timamu.

Sisi tuna daftari tu. Tusubiri kompyuta?
Msisubiri. Daftari lililojazwa vizuri litahamishiwa kompyuta siku yoyote. Lililojazwa ovyo litabaki ovyo hata humo.

Wilaya ikiwa na wagonjwa wawili tu, tukitangaza si watajulikana?
Watajulikana kabla ya jioni. Unganisheni na wilaya jirani, au tangazeni idadi ya mkoa peke yake.