Kuchagua albamu ya sarafu kwa hewa ya Lamu

Kwa anayeweka sarafu Lamu, Shela au Malindi, maadui ni wawili: chumvi ya hewani na plastiki mbaya. Jalada la ngozi lenye nakshi halimzuii hata mmoja wao. Fuata mpangilio huu: sarafu kwanza, plastiki pili, jalada mwisho.

Hatua ya 1: Pima ulichonacho

Osha mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, tandika kitambaa laini cha pamba mezani. Shika kila sarafu kwa ukingo tu. Jasho lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole isiyofutwa juu ya shaba huweza kujichora humo daima.

Pima kipenyo kwa milimita. Mkusanyo wa pwani huwa na saizi nyingi: shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921, ni kama mm 28 na gramu 7.8, senti kumi yenye tundu ni kama mm 31, rupia ya Mombasa ya 1888, ya Kampuni ya Imperial British East Africa, inakaribia hapo hapo, riale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 ni kama mm 40 na gramu 28. Albamu yenye matundu ya saizi moja haiwezi kuzibeba zote hizi.

Piga pia hesabu ya uzito. Ukurasa wa plastiki wa mifuko 20 ukijaa shilingi za zamani hubeba gramu 156, na huo unavumilika. Ukiujaza riale ni gramu 560, na mishono ya mifuko itaachia. Riale ziwekee kurasa za mifuko 12, tena usizijaze zote.

Sarafu iliyookotwa kwenye magofu ya Shanga, Manda au Gede usiitafutie mfuko. Hiyo ni ya kuripotiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006.

Hatua ya 2: Ijue plastiki kabla hujalipa

Hapa ndipo mikusanyo mingi inapoharibikia. Kurasa za bei nafuu, laini, zinazong'aa na kunukia kama pazia jipya la bafuni, aghalabu ni PVC. Ili iwe laini, PVC huchanganywa na mafuta maalumu, na mafuta hayo hayakai humo daima. Joto likizidi hutoka, na plastiki yenyewe ikichakaa hutoa asidi yenye klorini. Dalili yake ni utando wa kijani unaonata juu ya sarafu, hasa za shaba, na za fedha pia. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, na sehemu kubwa iliyobaki ni shaba, kwa hiyo nazo hazisalimiki.

Unachotaka ni polipropilini, polithini au poliesta (Mylar). Tafuta alama ya pembetatu: namba 5 ni polipropilini, namba 1 ni jamii ya poliesta, namba 3 ni PVC. Pasipo alama, omba kipande na ukijaribu nje ya nyumba. Pasha waya wa shaba motoni mpaka mwali usiwe na rangi, uguse kwenye plastiki, kisha urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani kibichi, plastiki ina klorini, iache. Shika waya kwa koleo, na usivute moshi wake, una sumu.

Sarafu iliyokwisha pata utando isuuze kwa asetoni halisi ndani ya chombo cha glasi, mbali na moto, kisha iache ikauke yenyewe. Usitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ina manukato na mafuta. Ndimu, ukwaju na majivu ni vya kung'arishia sinia. Vikigusa sarafu vinaila sura, na thamani inaondoka pamoja na weusi.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kuishikilia

Kadi za mraba za mm 50 zenye dirisha la Mylar, zinazoingizwa kwenye mifuko ya kurasa, ndizo zinazofaa wengi: sarafu huonekana pande zote mbili, na maelezo huandikwa kwenye kadi. Nunua zisizo na asidi, dirisha lizidi kipenyo kwa mm 1 au 2 tu. Tatizo ni pini za stepla zinazofunga kadi, maana huku hushika kutu haraka. Zibane kwa koleo mpaka zilale kabisa, zisije zikakwaruza sarafu ya jirani, na mara kwa mara ubadilishe zilizoanza kutu. Andika kabla ya kuweka sarafu, si baada.

Albamu za matundu yenye vifuniko vya kusukuma hupendeza, ila kifuniko hukwaruza sehemu zilizoinuka, kama shavu la mfalme au manyoya ya simba. Sarafu zilizokwisha zunguka mikononi hazidhuriki sana. Zile ambazo hazijatumika zitie kwenye vikasha vya duara vya akriliki (plastiki ngumu angavu) vilivyo sawa na kipenyo chake.

Hatua ya 4: Jalada

Chukua lenye pete za umbo la D, kurasa zilale sawa bila kupinda. Lisijae zaidi ya robo tatu. Kwa sarafu 150 unahitaji kurasa 8 za mifuko 20, na mbili za ziada. Simamisha albamu wima. Zikilazwa moja juu ya nyingine, uzito hukandamiza sarafu za chini.

Hatua ya 5: Mahali pa kuiweka

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ni pazuri kwa vyombo vya kauri, si kwa albamu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa tena, na jalada litaota ukungu upande wa nyuma. Kasha la mbao mbichi nalo hutoa mvuke wa asidi. Usiweke dawa ya nondo humo, wala usifukize udi chumba hicho hicho, maana moshi huganda juu ya madirisha ya kadi.

Tumia kontena la plastiki namba 5 lenye mfuniko wa kubana, la lita 10 hadi 15. Tia gramu 100 hadi 200 za silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) za rangi ya chungwa kwenye mifuko ya kitambaa, pamoja na kipima unyevu kidogo. Lengo ni chini ya asilimia 50. Kipimo kikipanda, au chembe hizo zikififia au kugeuka kijani, zikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo uzirudishe.

Kazi ya kupanga ifanye Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mvua zikiwa chache. Masika yakiingia Aprili, fungua kontena kwa dakika chache tu kila mwezi, utazame kutu ya pini na doa lolote la kijani. Ukiliona, itoe sarafu hiyo na ukurasa wake siku hiyo hiyo, kabla jirani zake hazijaguswa.