Kuseti detekta ya dhahabu Chunya: mto mkavu, udongo mwekundu na vifusi vya zamani

Kiangazi kikianza tu, simu zinaanza: "Kaka, naomba unitumie seting za Chunya." Mtu anataka namba. Gaini ngapi, sensitiviti ngapi (yaani mashine isikie kwa nguvu kiasi gani), halafu aingie porini. Juzi nilikaa na kijana wa Makongolosi ambaye detekta yake, GPX 5000, ilikuwa inalia muda wote, hata koili (lile duara la chini linalosikia ardhi) ikiwa hewani. Gaini alikuwa ameipandisha mpaka mwisho kwa sababu aliambiwa hivyo ndivyo mashine inavyofika chini. Tuliishusha karibu nusu, tukabalansi upya (tukaizoeza udongo wa pale), ikanyamaza. Baada ya hapo kipande cha risasi tulichokifukia alikisikia mwenyewe bila kuonyeshwa.

Namba za Chunya hazipo. Kuna mto mkavu, kuna kilima cha udongo mwekundu, kuna vifusi vya miaka ya 1930 wakati Lupa, eneo la dhahabu la Chunya, ilipojaa watafutaji dhahabu, na kuna ardhi yenye chumvi ukishuka upande wa Rukwa. Kila mahali pana seting yake, na zote zinaanza na kuinyamazisha mashine kwanza. Mashine iliyotulia yenye gaini ndogo inasikia chini zaidi kuliko ile inayopiga kelele kwa gaini kubwa, maana ndani ya kelele sikio halisikii kitu.

Nitaeleza kwa GPX 5000 na Gold Monster 1000, ndizo ninazozikuta kwa watu wengi. Kama GPX umeinunua kwa bei ya kutupa, hakiki kwanza namba yake na watengenezaji. GPX za bandia zimejaa Afrika, na kwenye mashine ya bandia unaweza kuzungusha kila swichi na isibadilike chochote. Halafu usiingie kwenye leseni ya mtu bila makubaliano. Mengine ya leseni waulize Tume ya Madini.

Hatua ya 1: Koili

GPX 5000 inakuja na koili mbili za inchi 11, mono na DD. Mono inafika chini zaidi na inasikia vidogo vizuri, ila kwenye ardhi yenye chuma kingi inasumbua. DD ni tulivu. Anza na mono, ukishindwa kuituliza ndiyo uweke DD. Swichi ya koili iwiane na koili uliyofunga.

Hatua ya 2: Kelele za hewani

Zima simu au iweke kwenye hali ya ndege. Usisimame karibu na karasha (mashine ya kusaga mawe), jenereta wala nyaya za umeme. Shika koili bila kuitikisa, bonyeza Auto Tune ili mashine ijitafutie masafa tulivu, subiri kama dakika moja mpaka imalize.

Mkiwa na detekta mbili, kila mmoja aende umbali atakaofanyia kazi, mashine zote ziwe zinawaka, halafu mfanye Auto Tune mmoja baada ya mwingine. Mkizifanya kwa pamoja kila moja inaitafuta nyenzake na hazitulii. Zikiendelea kugombana, ongezeni umbali. Karibu na karasha ambako huna pa kukimbilia, weka DD na swichi ya koili kwenye Cancel, inayopunguza kelele. Utapoteza kina, lakini utaweza kufanya kazi.

Hatua ya 3: Mvumo

Vaa hedifoni. Weka threshold, yaani kiwango cha mvumo, ili mvumo uwe mwembamba kama mbu aliye upande wa pili wa chandarua: unajua yupo ila hakukeri. Dhahabu ndogo iliyo chini haipigi kelele, inautikisa tu ule mvumo. Anayefanya kazi kimyakimya bila mvumo anaziruka.

Hatua ya 4: Balansi ya ardhi

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo nitachelewa kidogo.

Udongo wa Chunya una chuma. Mashine inausikia udongo wenyewe, na balansi ni kuiambia: huu ndio udongo, usinisumbue nao. Ukiifunza vibaya, ama italia kwenye kila jiwe, ama itanyamaza hata juu ya dhahabu.

Washa mashine, iache dakika chache ipate joto. Kama koili ilikuwa juani na sasa umeingia kivulini, au kinyume chake, utabalansi tena, kwa sababu joto likibadilika na usomaji unahama.

Tafuta eneo la hatua mbili tatu lisilo na kitu. Lipitishie koili polepole kwanza. Ukisikia chochote, hata kidogo, ondoka hapo. Ukibalansi juu ya msumari au juu ya dhahabu umeifunza mashine kwamba hicho ni udongo, na hutajua, kwa sababu itatulia vizuri kabisa.

Usibalansi juu ya kichuguu. Mchwa wamepandisha udongo wa chini, haufanani na unaoukanyaga pembeni. Usibalansi pia palipochomwa mkaa au gogo lililoungua mpaka likaisha. Moto unabadilisha chuma kilicho kwenye udongo na kukifanya kivutike na sumaku zaidi, kwa hiyo tanuru la zamani linalia hata kama halina kipande cha chuma. Mlio wake unawika kwa upana, hauna kitovu. Ukichokoa na kukuta punje nyeusi za mkaa na udongo uliokolea wekundu, funika, endelea na safari.

Sasa weka swichi ya balansi kwenye Fixed, ili balansi isihame yenyewe. Shikilia kitufe cha Quick-Trak, pandisha koili hadi kama sentimita 30, ishushe mpaka ikaribie kugusa udongo, pandisha tena. Juu, chini, wima. Vijana wengi mkono unaanza kuyumba kama wanafagia; hapo unachanganya balansi na utafutaji. Endelea mpaka mvumo usibadilike koili ikishuka, ndipo uachie kitufe ukiwa bado unapandisha na kushusha. Ukiachia mapema mashine inabaki na balansi ya nusu njia. Fagia kidogo. Ikilia kila koili inapokaribia ardhi, rudia.

Ukibadilisha koili, balansi. Ukibadilisha taimingi (mpangilio wa mashine kwa aina ya ardhi), balansi. Rangi ya udongo ikigeuka kutoka wekundu kwenda kijivu, balansi. Ukivuka kutoka mlimani kwenda mtoni, balansi, hata kama ni hatua chache. Kama umefika mchana hujabalansi tena tangu asubuhi, amini kwamba kuna eneo umelitembea bure.

Kuhusu Tracking, ambapo mashine inajibalansi yenyewe ukitembea: inasaidia pale ambapo mawe na mchanga vinabadilika kila hatua. Mimi siipendi kwa kazi ya kina. Ukisikia mlio hafifu ukaanza kupitisha koili juu yake mara kwa mara ili uhakikishe, Tracking inaanza kuuhesabu ule mlio kama udongo, na kadiri unavyohakikisha ndivyo unavyozidi kupotea. Ukiwa kwenye Tracking na umesikia kitu, hamia Fixed kwanza ndipo urudi juu yake.

Gold Monster haina haya yote, inabalansi yenyewe muda wote. Kuipandisha na kuishusha kidogo kabla ya kuanza kunatosha.

Hatua ya 5: Gaini

Chukua risasi ya kuvulia samaki, ile chubwi ndogo, kata kipande cha kama nusu gramu. Kwa detekta risasi inasikika karibu kama dhahabu. Usiipime hewani. Chukua kijiti, choma tundu la mshazari kutoka pembeni ili udongo wa juu ya risasi ubaki haujavurugwa, isukume ndani mpaka uwe na kiasi cha sentimita 10 juu yake.

Anza na gaini ya chini, pitisha koili polepole, panda namba moja moja. Kuna namba ambayo risasi inasikika wazi na mvumo bado umetulia. Ukipanda zaidi ya hapo risasi haiongezeki sauti, zinaongezeka kelele. Rudi namba moja nyuma, hiyo ndiyo gaini yako ya hapo kwa leo. Stabilizer, inayotuliza mvumo, iache ilivyotoka kiwandani. Motion (kasi ya kupitisha koili) iweke Slow, na mguu wako nao uwe slow.

Gold Monster: tumia Auto. Auto+ ni ya ardhi tulivu tu. Ikilia ovyo kwenye Auto, hamia namba za mkono, 1 hadi 10, ushuke mpaka inyamaze.

Hatua ya 6: Eneo kwa eneo

*Mto mkavu.* Taimingi ya Normal kama mchanga ni mweupe, mono, gaini juu kadiri inavyokubali. Ukikuta mistari ya mchanga mweusi, koili ikivuka mstari mashine inaguna. Usiushushie gaini mto mzima kwa sababu ya mstari mmoja. Pitisha koili sambamba na mstari, usiukate. Nguvu zako zipeleke kwenye mwamba wa chini, kwenye nyufa. Hapa Gold Monster inaipita GPX kwa chembe ndogo zilizo juu juu, kwa sababu inafanya kazi kwenye masafa ya juu, 45 kHz. Kwa vya chini haiwezi.

*Kilima cha udongo mwekundu.* Hapa Gold Monster iache kambini. Mawe ya chuma, yale ya kahawia mazito yenye vitundu, yataipigisha kelele mpaka uchoke. GPX iweke taimingi ya Enhance na mono. Ikikataa, weka DD kabla hujagusa gaini. Ukiwa unasaka vidogo, jaribu Fine Gold, lakini ubalansi tena. Jiwe linalolia ukilichukua mkononi na kulipitisha juu ya koili mara nyingi linatoa mlio tofauti na uliousikia chini. Hata hivyo lile linaloendelea kulia vizuri usilitupe, livunje, maana dhahabu ya Lupa mara nyingine iko ndani ya jiwe. Mvua ikinyesha, mfinyanzi uliolowa unaanza kuimba wenyewe; inua koili sentimita tatu nne, au subiri ukauke.

*Vifusi vya zamani.* Misumari, makopo, vizibo, maganda ya risasi. Watu wanakimbilia kuwasha kichuja chuma. Kwenye GPX kinafanya kazi kwa DD peke yake, na kinaaminika kwa chuma kikubwa kilicho karibu tu. Tena dhahabu iliyoshikana na jiwe la chuma inaweza kukataliwa pamoja na misumari. Ninachofanya ni kufunga sumaku ya spika kwenye fimbo na kuifagia juu ya kifusi kabla ya detekta. Mara ya kwanza sumaku inatoka na manyoya ya mchanga mweusi na misumari midogo iliyopinda, unaifuta kwa kitambaa, unarudia. Halafu toa tabaka la juu kwa reki au sepetu, kina cha kiganja, ndipo upitishe koili. Taimingi ya Fine Gold, koili ndogo kama unayo. Usilalamike ukichimba takataka. Nimeona vijana wakiruka kila mlio "mbaya" na jioni wanashangaa hawajapata kitu.

Kumbuka pia kwamba dhahabu iliyotawanyika kama vumbi ndani ya mbale (jiwe lenye dhahabu) detekta haiisikii, hata iwe nyingi. Kifusi kilichonyamaza kipime kwa kusaga na karai kabla hujakiacha.

*Ardhi ya chumvi upande wa Rukwa.* Kuna taimingi za Salt: Salt Gold kwa vidogo, Salt Coarse kwa vikubwa. Koili iwe juu kidogo ya ardhi na urefu uwe ule ule. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, sipendi kufanyia kazi huko.

Hatua ya 7: Kuchimba

Mlio ukipatikana, upitie kwa pande mbili zinazokatana. Kwangua udongo wa juu kwa mguu. Mlio ukiongezeka, chimba. Ukipotea, ulikuwa udongo. Usiache mlio kwa sababu unaanza juu na kushuka au unaanza chini na kupanda. Mpangilio huo unabadilika kwa ukubwa wa dhahabu na kwa taimingi uliyoweka, na watu wameacha madonge makubwa kwa kushikilia kanuni ya mlio.

Sururu na panga viwekwe mbali na koili. Buti lenye chuma mbele nalo litakudanganya. Udongo uliotolewa uupitishie koili, kisha ugawe mara mbili kwa chombo cha plastiki, nusu inayolia uigawe tena, mpaka kibaki kiganja kimoja. Shimo lifukie siku hiyo hiyo, huko kuna mifugo na ng'ombe akivunjika mguu mwenye eneo hatakukaribisha tena.

Jioni fungua kava ya chini ya koili na ukung'ute. Mchanga mweusi ukikaa kati ya kava na koili, kesho mashine italia kila utakapokanyaga na utarudi kubadilisha seting ambazo hazina kosa.